Mambo ya avenyu ni mambo yetu

Maneno haya yalisemwa mbele ya mukutano mukuu wa wanachama, Bukavu, mwezi wa tano 2024, na mutumishi wa shirika lenye kufuatilia vikundi vyetu katika kartiye. Tunayachapisha kwa ajili ya wanachama wenye hawakuweza kufika na kwa ajili ya wafazili wetu.

 

Mama Prezida aliniomba niseme dakika makumi mbili juu ya swali la tatu ku ajenda yenu. Swali ni hili: kasha letu la kusaidiana liendelee kusaidia wanachama peke yao, ao lifungue mulango kidogo kwa majirani wenye hawakukimbia? Mutapiga kura kisha chakula. Kura ni yenu, mimi siko mwanachama. Lakini nimezunguka avenyu zenu, kutoka Panzi mupaka Cimpunda, kutoka Nyamugo mupaka Bagira, na nitasema wazi mapema kwamba ninaegemea upande wa kufungua. Sababu nitazieleza, na masharti pia, kwa sababu bila masharti sitaunga mukono hata mimi.

Tuanze na majirani wenyewe.

Wengi wenu mulivuka Ziwa Tanganyika tangu 1996, mukakaa Nyarugusu, kule Kasulu, miaka kumi na zaidi. Oktoba 2005 mashua za HCR zikaanza kurudisha watu kutoka Kigoma mupaka Baraka, na kutoka pale kila mutu akatafuta njia yake. Wengine mulitoka Burundi, Rwanda ao Uganda. Wengine hamukuvuka mupaka hata siku moja, mulikimbia Shabunda, Mwenga ao Kalehe, mukazunguka zunguka ndani ya inchi yetu wenyewe. Ndiyo maana chama hiki kilianzishwa: kila mutu hapa anajua maana ya kufika fasi na bidoni moja, turubai na sufuria mbili.

Sasa, jirani yako alikuona siku ulipofika na bidoni ile. Aliona gari la shirika likisimama ku mulango wako. Kwake hakuna gari lililosimama. Na yeye pia ana historia. Alikuwa hapa Oktoba 1996, wakati Askofu Munzihirwa alipouawa mu muji huu. Alikuwa hapa Agosti 1998. Alikuwa hapa Juni 2004, watu wakivunja milango usiku na kubeba kila kitu. Alizika watu wake bila kuandikwa ku orodha yoyote. Halafu anasikia watu wanaitwa «walioteswa na vita», na jina lake haliko. Wakati anasema «wale watu wa kambi ndio wanakula», ni vibaya kusema hivyo, lakini mujue maneno hayo yanatoka wapi.

Nimesikia pia upande wa pili. Mama moja wa kikundi cha Panzi aliniambia: «Mimi ninakaa ku avenyu hii mwaka wa sita. Ninajua jina la shefu wa avenyu, basi.» Nikamuuliza kama anahuzuria mikutano ya avenyu. Akasema hakuna mutu aliyemuita. Nikaenda kumuuliza shefu mwenyewe. Shefu akasema: «Hao wana chama chao.»

Munaona? Chama chetu, chenye kufanya kazi nzuri, kimekuwa pia ukuta. Hakuna aliyeujenga kwa kusudi. Lakini uko, na mambo mengi ya maisha yetu ya kila siku yanaamuliwa ngambo yake.

Mambo gani? Nitataja machache.

La kwanza ni makaratasi. Muji wetu una komini tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira. Ndani ya komini kuna kartiye, ndani ya kartiye kuna avenyu. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema muji na komini ndizo zenye bajeti yao na baraza lao. Kartiye na avenyu hazina bajeti. Shefu wa avenyu hana mushahara wa leta. Lakini ni yeye anayejua nani anakaa wapi, nani alizaa, nani alikufa, lupango gani lina kesi. Ukihitaji ushuhuda wa kwamba unakaa hapa, unaanzia kwake. Mutoto akizaliwa, una siku 90 za kumuandikisha ku komini, na ni bure. Siku zile zikipita, inakuwa safari ya tribinali, na safari ya tribinali munajua inavyokula feza na wakati. Kati ya familia zenye kurudi nimekuta watoto wengi wasio na karatasi, na mara nyingi sababu ni moja tu: hakuna mutu wa avenyu aliyewaambia. Majirani wao walijua. Wao hawakujua, kwa sababu habari kama hizi zinapita ku robine na ku mulango wa duka, wala hazipiti ku redio.

Na lupango! Wangapi hapa mulirudi mukakuta mutu mwingine amejenga juu ya lupango lenu? Sitaomba munyooshe mikono. Mbele ya kamati ya kupatanisha, karatasi inasaidia. Lakini ukiongea na watu wenye walishinda kesi zao bila kupigana, watakuambia kitu kingine kilisaidia pia: muzee moja wa avenyu alisimama akasema, «Mutu huyu ninamujua, baba yake ndiye alipanda ile miti.» Hakuna shirika linaweza kukupa shahidi wa namna hiyo. Anatoka kwa majirani.

La pili ni takataka. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wanafikiri ni jambo dogo.

Nyumba zetu ziko juu ya mulima. Wengi hatuna fasi ya kutupa, kwa hiyo tunangoja mvua. Mvua ikinyesha, mutu anamwaga mufuko wake mu kanivo, maji yanabeba. Yanabeba mupaka wapi? Yanashuka mu mito midogo kama Kahuha, yanaingia mu Ziwa Kivu. Ziwa letu linatokea fasi moja tu, ni mu Ruzizi. Na palepale mu Ruzizi ndipo kuna barraji yenye kutupatia umeme, Ruzizi ya Kwanza, ya tangu wakati wa Wabelgiji. Machupa na mifuko ya plastiki inafika ku barraji, inaziba fasi maji yanapoingilia, mashini zinapunguza nguvu ao zinasimama. Jioni taa inazimika Kadutu, na sisi tunatukana SNEL. SNEL ina makosa yake, sikatai. Lakini sehemu ya giza ile tumeitupa wenyewe asubui mu kanivo.

Tena kanivo ikizibwa, maji yanatafuta njia yake, na njia yake ni chini ya nyumba ya mutu. Munajua udongo wetu. Kila musimu wa mvua, fasi fulani ya muji huu, nyumba zinaondoka na watu ndani. Maji hayaulizi nani alitoka kambini na nani alibaki. Unaweza kusafisha kanivo mbele ya nyumba yako kila siku, lakini kama jirani wa juu hasafishi, umefanya kazi bure. Ndiyo sababu salongo ni ya avenyu nzima. Salongo wengi tunaichukia, na wazee wanakumbuka namna ilikuwa ya lazima wakati wa Mobutu. Lakini siku ya salongo ndiyo siku avenyu inajiona. Ndipo inajulikana nani muchoyo, nani anasaidia, nani mugonjwa hakutoka. Mutu asiyekuja ku salongo hata mara moja, siku ana shida watu wanauliza: huyu ni nani?

La tatu ni moto. Tumeingia musimu wenye mvua inapunguka, kiangazi kiko mulangoni, na kila mwaka ni wakati huu tunaanza kusikia: Kadutu imeungua, Essence imeungua. Nyumba za mbao zimegusana. Mbabula imeachwa na makaa, mushumaa umelala juu ya kitanda, waya za umeme zimeungwa na mutu asiye fundi, mafuta yamewekwa mu chupa chini ya meza. Nyumba moja ikishika, ni safu nzima. Gari la kuzima moto, hata likija, haliwezi kupita mu njia zetu zenye upana wa mutu moja na mabega yake.

Basi avenyu inafanya nini? Nimeona avenyu zenye zimejipanga vizuri kidogo, na hazikuhitaji muradi. Wameacha njia moja wazi, hakuna mutu anayeruhusiwa kujenga kibanda pale. Wana mifuko ya muchanga fasi tatu. Wanajua nani atakata umeme kwanza. Wanajua ndani ya nyumba gani kuna muzee asiyeweza kutembea. Hilo la mwisho ndilo linaokoa watu. Nikauliza wanachama wawili wa avenyu moja kati ya hizo kama wanajua mupango huo. Hawakujua. Na nyumba zao haziko ku orodha ya wale wa kutolewa kwanza, ingawa moja ina nyanya kipofu ndani.

Nitarudia, kwa sababu ndiyo nilitaka musikie leo: ndani ya nyumba ile kuna nyanya kipofu, na avenyu haijui.

La nne ni kilio. Hapa hakuna haja ya kueleza sana. Mutu akifa, mikeka inatandikwa, daftari inafunguliwa, kila mutu anaandika jina lake na kile alichotoa, franga, makaa, unga, sukari. Chama chetu kinafanya vizuri sana ku vilio vya wanachama, na wafazili mujue kwamba feza ya kilio inatoka mifukoni mwa wanachama wenyewe. Lakini chama kinafika na basi, kinakaa, kinaimba, kinarudi. Usiku wa pili na wa tatu, nani analala na wafiwa? Nani anateka maji? Ni majirani. Na majirani wanaangalia daftari zao za zamani: mutu huyu alikuja kwetu? Kama hakuja, watakuja kwa haya tu, saa moja, halafu wanaenda.

Sasa nipite kidogo ngambo ya bahari, kwa sababu kuna wafazili wetu wanasoma jarida hili kule.

Ndugu zetu wengi wa Nyarugusu walichukuliwa Marekani, na kati yao wako wenye wanaishi mu miji ya katikati ya inchi ile, kama vile Des Moines na Cedar Rapids, katika jimbo la Iowa. Tunafikiri kule kila kitu leta inafanya. Wao wanatuambia vingine. Theluji ikianguka, serikali ya muji inasafisha barabara kubwa, lakini njia ya miguu mbele ya nyumba ni kazi ya mwenye nyumba. Asipofanya, anaweza kuandikwa na kulipishwa. Baraza la muji linakaa mulango wazi, na sheria ya Iowa inaomba ajenda itangazwe angalau saa 24 mbele, ili mutu wa kawaida akitaka aende kusikiliza. Miaka ya kwanza watu wetu hawakwenda. Walikuwa na kanisa lao, kilio chao, kikundi chao cha WhatsApp. Ndugu moja aliniambia ku telefone kwamba aliishi miaka mitatu bila kujua jina la mutu wa mulango wa pili. Alipoanza kusafisha theluji mupaka mbele ya nyumba ya muzee jirani, yule muzee ndiye alimufundisha namna ya kuandikisha watoto ku masomo na fasi ya kulalamika juu ya mwenye nyumba. Hakuna semina iliyofanya hivyo.

Sitaki kulinganisha Des Moines na Cimpunda. Kule feza ya muji iko, hapa haiko. Lakini sisi pia tuna mulango wenye hatujaujaribu. Desemba 2023 tulichagua madiwani wa komini, jambo lenye wengi wetu hatukuwa tumeliona maishani mwetu. Zaidi ya miaka kumi iliyopita, komini ya Ibanda na chefferie ya Luhwinja zilijaribu bajeti shirikishi, watu wakialikwa kwa sms waje waseme wanataka nini kitangulie. Kwa hiyo haiko ndoto. Lakini diwani anasikiliza avenyu. Hatasikiliza kikundi chenye avenyu yenyewe haikijui.

Sasa kasha.

Vikundi vyetu vinafuata njia ya AVEC, yenye ilianza kule Niger mwaka wa 1991 na shirika la CARE. Watu 15 mupaka 25, kasha lenye kufuli tatu, watu watatu wenye funguo, na kasha la kusaidiana likiwa mbali na feza ya mikopo. Tufanye hesabu ya mufano. Kikundi cha watu 25, kila mutu anatoa franga 500 kila juma ku kasha la kusaidiana. Ni franga 12,500 kwa juma, franga 50,000 kwa majuma ine. Sehemu moja ya kumi ni 5,000. Feza hii haiwezi kuponya avenyu. Inaweza kununua mifuko ya muchanga, kukodisha chepeo siku ya salongo, kupeleka unga na makaa ku kilio cha jirani. Ndicho ninachopendekeza: sehemu moja ya kumi, isipite hapo.

Masharti ni manne. Moja, feza itoke ku kotizo za wanachama tu. Feza ya wafazili iliyotolewa kwa ajili ya wenye kurudi ibaki vile ilivyoandikwa ku mapatano. Pili, iende ku vitu vya wote na ku vilio. Isiwe mukopo, na isipite mu mikono ya biro yoyote, ili isigeuke kodi. Wanachama wanunue wenyewe na kupeleka wenyewe. Tatu, majirani watoe pia, mikono ao franga, na iandikwe mu daftari yenye kusomwa mbele ya wote. Ine, tujaribu mwaka moja, halafu murudi hapa mupige kura tena.

Ninajua mutasema nini. Papa moja pale nyuma ameshaniambia mbele ya mukutano: «Sisi wenyewe tuna njaa, namna gani tuanze kugawa?» Papa, una haki ya kuuliza. Njaa iko. Bei ya unga na ya makaa inapanda na mushahara hauko. Lakini nikuulize na mimi: ile siku moto utashika usiku ku avenyu yako, wanachama wa chama watakuja kutoka Panzi, kutoka Bagira, kutoka Nguba? Watafika asubui, na watalia pamoja nawe. Mwenye atakutoa ndani ni yule wa mulango wa pili. Franga zile 5,000 za kikundi chako haziko zawadi kwake peke yake.

Wengine mutasema: «Walitutukana. Walituita watu wa kambi.» Ni kweli, na inauma. Sitasema musahau. Ninasema tu watoto wenu wanasoma pamoja na watoto wao, wanateka maji ku robine moja, na kesho kutwa wataoana. Bora waanze kujuana sasa, mikono ikiwa ku chepeo, kuliko wajuane mbele ya tribinali.

Kwa wafazili neno fupi. Munatuuliza kila mwaka ni watu wangapi tumesaidia, na tunawapa hesabu. Mwaka ujao tunaomba muulize pia swali lingine: wanachama wangapi wanajulikana na avenyu yao, wangapi wako ndani ya komite ya wazazi wa masomo, ya robine, ya salongo? Hesabu hiyo haipendezi ku karatasi kama hesabu ya turubai. Lakini ndiyo itaonyesha siku gani mutu amekwisha kurudi na hahitaji tena kuitwa mwenye kurudi.

Na bila kungoja kura, kuna kazi moja haiombi feza. Juma hili, kila mwanachama aende kwa shefu wa avenyu yake na karatasi yenye majina ya watu wote wa nyumba yake: watoto, wagonjwa, wazee, na asiyeona. Mutu asiyejua kuandika, katibu wa kikundi atamuandikia. Nitapita ku kila kikundi mwezi ujao, na nitauliza nani amekwenda.

Dakika zangu zimekwisha, Mama Prezida ananiangalia.  Maswali ninayapokea, hata yale makali.